Kasha la kompyuta kwa nyumba ya Tanga: la wavu, la uso uliozibwa, dogo sana, au la mtumba wa ofisini?

Mtu anayejiundia kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza huwa amekwisha kupiga hesabu ya prosesa, kumbukumbu na kadi ya grafiki kabla hajakifikiria kitu kitakachovibeba vyote hivyo. Kasha huachwa mwisho, na fedha iliyobaki ndiyo humchagulia. Kwa anayeishi mji mkavu wa bara, huenda kosa hilo lisimgharimu sana. Kwetu Tanga, ambako madirisha hukaa wazi kutwa na pepo zote mbili kubwa za mwaka, kaskazi na kusi, hutufikia zikitoka baharini, kasha ndilo linaloamua ni hewa kiasi gani itapita juu ya vifaa hivyo na itakuwa imebeba nini.

Ulinganisho huu ni kwa aliyekwama baina ya aina nne ambazo mnunuzi wa hapa hukutana nazo. Ya kwanza ni kasha la ukubwa wa kati lenye uso wa wavu. Ya pili ni la ukubwa uo huo, lakini uso wake umezibwa kwa kioo au ubao, na hewa huingia kupitia mianya ya pembeni. Ya tatu ni kasha dogo sana linalopokea madabodi (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote) ya kipimo cha Mini-ITX. Ya nne ni kasha la kompyuta ya ofisini ya mtumba, ambalo huja na vifaa vyake tumboni. Neno kasha hapa ni lile boksi ambalo wengi wetu tumezoea kuliita sipiyu, ingawa sipiyu hasa ni prosesa iliyomo ndani yake. Fundi akikuambia sipiyu imekufa, muulize kwanza ni ipi.

Vinavyopimwa

Nimeyapima makasha haya kwa mambo sita: nafasi na vipimo, hewa na joto, vumbi na wadudu, chumvi na kutu, kelele, na gharama pamoja na safari ya kulifikisha kasha nyumbani. Taa za rangi na sura ya nje nimeziacha, kwa kuwa hizo ni za macho ya mwenye nyumba. Mambo hayo sita hayana uzito sawa. Nafasi ndiyo inayotangulia, kwa sababu kasha lisilopokea kifaa chako halina sababu ya kuendelea kujadiliwa. Chumvi nayo nimeipa maneno mengi kwa sababu waandishi wa nchi za mbali hawaitaji kabisa.

Nafasi na vipimo

Madabodi hufuata vipimo vinavyojulikana. ATX, kipimo kilichotolewa na Intel mwaka 1995, kina milimita 305 kwa 244. MicroATX kina milimita 244 kwa 244. Na Mini-ITX, kilicholetwa na kampuni ya VIA mwaka 2001, kina milimita 170 kwa 170. Kasha la kati, liwe la wavu au la uso uliozibwa, kwa kawaida hupokea vyote vitatu, hivyo mwenye madabodi ndogo anaweza kuanza nalo na baadaye kubadili. Kasha la Mini-ITX hupokea hicho kimoja tu.

Baada ya madabodi kuna vipimo vitatu vya kuandika kwenye karatasi kabla ya kupiga simu dukani: urefu wa kadi ya grafiki, kimo cha kipozajoto cha prosesa, na aina ya pawasaplai, yaani boksi linalogawa umeme ndani ya mashine. Hapa pana mtego mmoja. Nafasi ya kadi inayotajwa na muuzaji mara nyingi hupimwa pasipo feni za mbele, na feni ya kawaida ina unene wa milimita 25; kwa hiyo kasha linalosemwa kupokea kadi ya milimita 330 hubakiwa na milimita 305 feni zikifungwa kwa ndani. Kati ya kasha la wavu na la uso uliozibwa hakuna tofauti kubwa katika jambo hili, kwani mara nyingi mifupa ni ile ile na kilichobadilika ni uso.

Kasha dogo ndilo linalodai hesabu. Chukua mfano wa Cooler Master NR200, lenye ujazo wa lita 18.25: linapokea kadi ndefu ya hadi milimita 330, jambo la kushangaza kwa umbo lake, lakini kipozajoto chake hakitakiwi kupita milimita 155, na kipozajoto cha Hyper 212 cha kampuni hiyo hiyo, ambacho watu wengi wanacho, kina takriban milimita 159. Milimita nne tu, nawe umeshindwa kufunga ubavu. Aidha, makasha mengi ya aina hii hutaka pawasaplai ya kipimo cha SFX, yenye milimita 125 kwa 63.5 kwa 100, badala ya ile ya ATX tuliyoizoea. Pawasaplai ya ATX ikiungua Jumamosi, kuna matumaini ya kupata nyingine kwa mafundi wa mjini kabla ya jua kuchwa. Ya SFX itabidi iagizwe Dar es Salaam, na kompyuta itasubiri.

Kasha la mtumba lina kanuni zake. Kompyuta za ofisini za Dell na HP mara nyingi hutumia madabodi, pawasaplai na viunganishi vya kampuni yenyewe, hivyo kuitoa madabodi ya zamani na kutia mpya ya kawaida ni kazi ya msumeno na mara nyingi haifai. Zile nyembamba hupokea kadi za kimo kifupi tu, tena zisizohitaji waya wa ziada wa umeme, maana tundu la kadi hutoa hadi wati 75 na pawasaplai yake haina waya wa kuongeza. Ndani ya mipaka hiyo zipo kadi zinazofaa, kama GeForce GT 1030 na baadhi ya GTX 1650 za kimo kifupi. Zaidi ya hapo ni kulazimisha.

Hewa na joto

Feni ya kasha haitengenezi baridi. Hutoa hewa iliyopata joto na kuingiza ya chumbani, hivyo kifaa kilichomo ndani hakiwezi kupoa kupita chumba chenyewe. Chumba kikiwa na nyuzi 32 za Selsiasi, kama ilivyo mchana wa Februari kabla ya masika, kadi itakuwa na takriban nyuzi saba zaidi ya ambazo ingekuwa nazo katika chumba cha nyuzi 25, kazi na kasi ya feni zikiwa zile zile. Majaribio mengi ya makasha tunayoyasoma hufanywa katika vyumba vyenye ubaridi uliodhibitiwa, kwa hiyo mtu wa Tanga anapaswa kuongeza tofauti hiyo kichwani kabla ya kuiamini namba yoyote.

Kadi kama GeForce RTX 4060 hutumia hadi wati 115, na prosesa ya daraja la kati iliyoandikwa wati 65 huongeza zake. Jumla ni takriban wati 180, sawa na balbu tatu za zamani za wati 60 zikiwaka pamoja ndani ya kabati. Uso wa wavu huliondoa joto hilo kwa urahisi kuliko wote, kwa sababu hewa huingia moja kwa moja mbele ya feni. Uso uliozibwa huilazimisha hewa ipite mwanya mwembamba, ikunje kona, ndipo ifike kwenye feni, na feni hulipa kwa kuzunguka kwa nguvu zaidi. Hata hivyo tofauti hiyo hutegemea mzigo. Kwa kompyuta isiyo na kadi kubwa, inayoandika barua na kupiga mahesabu, tofauti ni ndogo kiasi kwamba si haki kuikataa aina hii kwa sababu ya joto peke yake. Na pale penye mianya mipana kweli kweli, upana wa vidole viwili au zaidi pande zote, hata mwenye kadi ya kati anaweza kuishi nayo.

Kasha dogo hudhaniwa kuwa tanuri, na dhana hiyo si sahihi siku zote. Kadi yake hukaa karibu sana na matundu ya ubavu au ya chini, hivyo hujivutia hewa ya nje bila kuzungukwa na hewa ya moto iliyolala. Upungufu wake ni kwamba halina akiba: feni moja ikifa, au kichujio kimoja kikiziba, joto hupanda haraka. Kasha la mtumba lilibuniwa pamoja na vifaa vyake na mara nyingi lina mfereji wa plastiki unaoelekeza hewa juu ya prosesa, jambo linalofanya kazi vizuri ajabu kwa kile kilichokusudiwa. Kadi ya grafiki iliyoongezwa haimo katika hesabu hiyo.

Vumbi na wadudu

Jambo la kwanza kulitazama ni kichujio, kisha ni namna kinavyotolewa, kwa sababu kichujio kinachohitaji bisibisi hakitasafishwa. Wavu wa chuma si lazima uwe kichujio. Upo wenye matundu madogo sana unaozuia vumbi wenyewe, na upo wenye matundu ya kuingia kijiti cha kiberiti, ambao pasipo kitambaa cha nailoni nyuma yake ni mlango wazi. Kasha la uso uliozibwa huonekana safi kwa muda mrefu, lakini vumbi hujikusanya kwenye ile mianya ya pembeni, na kulifikia hutaka ubao mzima wa mbele ung'olewe. Makasha madogo mazuri huja na vichujio vyepesi vya sumaku, rahisi kuvua na kuosha chini ya bomba. Ya mtumba kwa kawaida hayana kichujio kabisa, na vumbi lote huishia kwenye mapezi ya kipozajoto. Fadhila yao ni kwamba mengi hufunguka bila bisibisi, hivyo usafi wa dakika kumi humaliza kazi.

Kwa makasha yote manne inafaa hewa inayoingia iizidi kidogo ile inayotoka, ili hewa ya ziada isukumwe nje kupitia nyufa na vumbi lisipate pa kuingilia ila kwenye kichujio. Feni mbili za milimita 120 mbele na moja nyuma kwa kawaida hutosha. Kupima ni rahisi: kata kipande chembamba cha karatasi laini ya chooni na ukishike karibu na matundu ya nyuma yasiyo na feni. Kikivutwa ndani, mashine inapumua kupitia nyufa.

Anayekaa upande wa Pongwe, penye machimbo ya chokaa na malori ya saruji, atahitaji kuosha kichujio kila baada ya wiki mbili hivi wakati wa ukavu. Aliye ndani ya mitaa ya Chumbageni anaweza kwenda mwezi na zaidi. Anayependa kupeleka mashine ikapulizwe kwa kompresa ya mafundi pancha na aombe kwanza tangi limwagwe maji, kwa kuwa unyevu wa hewa yetu hugeuka maji ndani ya tangi na hutemwa pamoja na hewa. Mapanga ya feni nayo yashikwe kwa kidole yasizunguke ovyo.

Wadudu hawatajwi na wauzaji, lakini mjusi wa ukutani hupenda joto la pawasaplai, na mende hupenda giza. Kasha la mtumba ambalo vifuniko vyake vya nyuma vya kadi vimepotea ni nyumba tayari. Vifuniko hivyo virudishwe, au pazibwe kwa kipande cha wavu wa dirisha.

Chumvi na kutu

Watu wengi hudhani kasha lililozibwa uso huvikinga vifaa vyake na hewa ya bahari. Halivikingi. Feni zikivuta, hewa ni ile ile, ipite mbele au ipite ubavuni. Na zikizimwa, unyevu hupenya ufa wowote. Kinachotofautisha makasha hapa ni chuma chenyewe na rangi yake.

Chumvi ya kawaida ikitua juu ya bati huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu unapopita takriban asilimia 75, na usiku mwingi wa masika kwetu hupita hapo. Maji hayo ya chumvi ndiyo yanayokula chuma. Mashine inapowaka hali hubadilika: hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 85 ikipashwa hadi nyuzi 37 ndani ya kasha, unyevu wake hushuka chini ya asilimia 50, na chumvi hukauka. Kwa hiyo kompyuta inayotumika kila siku huumia kidogo kuliko ile iliyofunikwa kwa kitambaa cha kufuma na kuwashwa wageni wakija. Nyumbani kwetu Raskazone, si mbali na ufukwe, kasha langu la kwanza lilishika kutu kwenye vifuniko vya nyuma vya kadi na kwenye skrubu zote za pawasaplai kabla ya mwaka kwisha, ilhali uso wake ulikuwa bado uking'aa kama wa dukani. Lilikuwa kasha zuri lililokaa kimya mno.

Kwa hiyo, unapolishika kasha, usipoteze muda na uso. Fungua ubavu utazame kingo: matundu ya skrubu, vifuniko vya kadi, wavu wa feni ya nyuma, na pale bati lilipokatwa. Kama rangi imepakwa baada ya kukata, kingo zitakuwa na rangi. Kama bati lilikatwa likiwa limeshapakwa, utaona mstari mweupe wa chuma kitupu, na hapo ndipo kutu itakapoanzia. Kasha la wavu liko hatarini zaidi katika hili, maana kila tundu ni ukingo, na wavu wa bei ya chini wenye kingo tupu hugeuka kahawia msimu mmoja wa kusi ukipita. Wavu uliopakwa vizuri, au wa plastiki na nailoni, hauna shida hiyo. Uso wa kioo haushiki kutu kamwe, na hiyo ni haki ya aina ya pili ambayo haina budi kutajwa. Makasha madogo ya alumini nayo hayashiki kutu kama ya chuma, ingawa chumvi huyatia madoa na vishimo, na bei yake ni nyingine. Mengi ya mtumba yana bati zito ndani, la rangi ya kijivu, lililopakwa zinki. Hili hustahimili kwa muda mrefu, ila uulize lilikuwa wapi kabla ya hapo, kwa sababu zinki iliyokwisha liwa hairudi.

Tahadhari moja kwa wenye kiyoyozi. Hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 85 hutoa umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya takriban nyuzi 24. Mashine iliyolala katika chumba cha nyuzi 22 hutokwa jasho pindi madirisha yanapofunguliwa asubuhi, na kuiwasha saa hiyo ni hatari kwa kasha lolote kati ya haya manne. Isubiri ipate joto la chumba.

Nikiwa bado kwenye chuma: kasha likikuchonyota kidole ukiligusa ukiwa peku juu ya sakafu ya saruji, lawama si ya kasha. Soketi haina waya wa ardhi, na umeme mdogo unaovuja kupitia pawasaplai umekosa njia. Aitwe fundi umeme kabla ya kununua kasha jingine.

Kelele

Hapa sitakaa sana. Kasha la uso uliozibwa lenye sponji ndani hupunguza sauti kuliko mengine, mradi vifaa si vya moto mwingi. La wavu huacha sauti ipite, lakini feni zake huweza kwenda polepole, na feni ya milimita 140 husogeza hewa ile ile kwa mizunguko michache kuliko ya 120. Dogo ndilo lenye sauti nyembamba inayosikika zaidi kazi ikiwa nzito. La mtumba ni kimya hadi feni yake izeeke. Katika nyumba nyingi za hapa, pangaboi lililo juu ya kichwa huimeza tofauti yote hiyo. Haimezwi katika studio ndogo ya kurekodi kaswida, ambako pangaboi huzimwa na kipaza sauti husikia kila kitu.

Gharama na safari

Bei ya kasha isisomwe peke yake. Kasha linalouzwa bila feni huonekana rahisi mpaka uongeze feni tatu. Linalokuja nazo huenda likawa rahisi zaidi kwa jumla. Kasha dogo huongezewa pawasaplai ya SFX na madabodi ya Mini-ITX, ambavyo vyote hugharimu zaidi ya wenzao wakubwa wa uwezo ule ule. La mtumba huuzwa pamoja na mashine nzima, hivyo kulilinganisha na kasha tupu si haki. Lilinganishwe na jumla ya kompyuta yote unayokusudia kuiunda, na katika hesabu hiyo mara nyingi huibuka na bei ya chini kuliko zote.

Makasha mapya mengi tunayoyanunua hutoka Kariakoo, kisha husafiri kilomita takriban 350 kwa njia ya Chalinze na Segera ndani ya buti la basi, chini ya magunia. Kioo cha ubavuni ni kigumu kikipigwa katikati, lakini huvunjika vipande vidogo kama mchanga kikiguswa kwenye ukingo na kitu kigumu. Na hata kikifika salama, ukikisimamisha juu ya sakafu ya marumaru wakati wa kufunga vifaa, sekunde moja inatosha kukimaliza. Kilazwe juu ya mkeka au kanga. Kasha la wavu lenye ubavu wa bati halina wasiwasi huo, dogo hubebwa mapajani, na la mtumba lilishapita safari ndefu zaidi ya hiyo likiwa ndani ya kontena.

Kila kasha na mtu wake

Kasha la wavu linamfaa mwenye kadi ya grafiki inayofanya kazi kweli, anayekubali kuosha kichujio na aliyekagua kingo za chuma. La uso uliozibwa linamfaa anayetaka utulivu au sura nzuri sebuleni, mwenye vifaa vya wati chache. Dogo linamfaa mwenye nafasi finyu au anayehama na kompyuta yake, na ambaye yuko radhi kusubiri vipuri. La mtumba linamfaa anayetaka kazi ifanyike leo kwa fedha kidogo, asiye na nia ya kuongeza mambo makubwa baadaye.

Ukiwa katika hali hii

Kama unafungua duka la steshenari Ngamiani, la kuchapa barua na kujaza fomu za watu mtandaoni, nunua la mtumba, ikiwezekana mawili ya aina moja ili moja liwe akiba ya vipuri vya jingine. Mlango wa duka utakuwa wazi kwa vumbi la barabarani, kwa hiyo uliinue juu ya meza na ulifungue kila mwezi.

Kama unahariri video za harusi, ambapo mashine hulala ikifanya kazi usiku kucha, uso wa wavu ndio utakaokulaza nawe usingizi. Ukiwa karibu na bahari, tafuta wenye ubavu wa bati na wavu uliopakwa kingo, upake skrubu za nje mafuta ya cherehani kwa kitambaa, kidogo tu, na kamwe si karibu na madabodi.

Kama chumba chako ni studio, la uso uliozibwa lenye sponji ndilo la kutazama kwanza, nawe uchague prosesa ya wati chache ili utulivu huo usiharibiwe na joto. Mashine ikiwa yapaswa kufanya kazi nzito pia, afadhali la wavu lililowekwa chumba cha pili, na waya zipitishwe ukutani.

Kama ni mwanafunzi anayehama hosteli kila muhula, dogo na la mtumba jembamba yote mawili yanaingia kwenye begi kubwa. Anayecheza michezo ya kompyuta atavumilia gharama ya dogo. Anayeandika ripoti tu hana sababu ya kuivumilia.

Kama bado hujui utaongeza nini mwaka kesho, kasha la kati, la uso wowote, ndilo lisilokufungia mlango, kwa kuwa hupokea vipimo vyote vitatu vya madabodi na pawasaplai inayopatikana mjini.

Na kama kuna kasha la zamani la ATX limelala stoo kwa mjomba, usilidharau kabla ya kulipima. Matundu ya kufungia madabodi ya kipimo hicho hayajahama tangu mwaka 1995, na madabodi ya leo itakaa juu ya vijiguzo vile vile. Pima kwa futi urefu wa ndani na kimo hadi ubavuni, tazama kama sehemu za feni ni za milimita 80 tu au zipo za 120, sugua kutu ya kingo kwa msasa na uipake rangi nje ya nyumba, ukiwa umeondoa kila kitu ndani. Likishindwa vipimo hivyo, utakuwa umepoteza asubuhi moja na kipande cha msasa.